Pale Katikati Palipoachwa Wazi

Viganja vyangu havina mistari. Mpiga ramli mmoja kule Tabora aliwahi kunishika mkono, akaugeuza, akauchungulia kama mtu anayesoma barua iliyolowa, kisha akanirudishia. "Mzee," akasema, "hapa hakuna cha kusoma." Nikamwambia mistari yangu ilibaki Kasense, juu ya tanuri la chuma la baba yangu, mwaka wa arobaini na tatu, na kama anaitaka aifuate huko. Hakucheka. Mimi pia sikucheka. Kila nikiikumbuka habari ile hasira hunipanda upya, na mbaya zaidi ni kwamba nusu ya hasira hiyo haina pa kwenda ila kwangu mwenyewe.

Mwaka huo nilikuwa nimerudi Ufipa kutoka Lupa, nilikokuwa nachimba dhahabu ya watu wengine. Nilimkuta baba yangu, Zenon, amezeeka, sikio moja limekwisha kufa na la pili linatoa maji. Dada yangu Kalista alikuwa amerudi nyumbani kwa baba, mjane. Mumewe, Adolfu, alichukuliwa jeshini, akapelekwa kisiwa cha Bukini kupigana na watu asiowajua, akafia huko. Serikali ikamletea Kalista karatasi. Karatasi hailimi.

Alichobaki nacho ni shamba. Shamba zuri, refu, limelala kwenye mteremko mpaka kijitoni, Adolfu alilivunja mwenyewe likiwa pori. Tangu aondoke lilikuwa halijaguswa, majani yamefika mabegani. Na mdogo wake Adolfu, anaitwa Eustace, alikuwa amekwisha kwenda kwa Jumbe Oswaldi kusema kwamba shamba lisilolimwa halina mwenyewe, lirudi kwa ukoo wa marehemu, yaani kwake. Jumbe alikuwa mtu wa haki lakini mzito. Akasema: "Kalista apewe mpaka Pasaka. Ikifika Pasaka shamba halina ntumba, ni la Eustace."

Ntumba, kwa asiyejua, ndicho kilimo chetu. Mvua ikishalainisha udongo na majani yakiwa marefu, unayafyeka, unayakusanya duara, unayafunika kwa mabonge ya udongo na nyasi zake. Shamba lote linakuwa vichuguu, safu kwa safu. Majani yanaoza humo ndani, na msimu unaofuata unavivunja na kupanda ulezi. Ni kazi ya jembe pana, zito. Jembe la Kalista lilikuwa limelika mpaka likabaki kama kijiko cha uji.

Na majembe hayakuwepo. Zamani yalikuja kwa meli, yakaja kwa reli, yakaja kwa malori mpaka Sumbawanga. Vita ikakata njia. Kila mwenye jembe alilala nalo. Nilizunguka Kasense nzima nikiomba la kuazima, watu wananitazama kama naomba mke.

"Acha kuombaomba," baba akaniambia. "Mimi najua chuma kinakotoka."

Kinakotoka ni kilimani nyuma ya nyumba yetu. Pale palisimama ilungu lake, tanuri la udongo lenye kimo cha watu wawili, jembamba juu, pana chini, na kuzunguka kitako chake matundu ya kuingizia mabomba ya udongo. Halina mivukuto. Halipulizwi na mtu. Ukiliwasha vizuri linavuta upepo lenyewe kwa chini, na mawe ya chuma yanayeyuka humo ndani. Mara ya mwisho kuliona likiwaka nilikuwa kijana. Majembe ya meli yalipokuja kwa wingi wazee waliyaacha malungu, yakawa makazi ya popo.

Lakini baba alitaka kwanza sikio lake lipone, na hapo ndipo tulipoingia kwa Vithaldasi.

Vithaldasi alikuwa Mhindi mwenye duka Sumbawanga mjini. Alikuwa Ufipa tangu wakati wa Mjerumani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Baba yake huko kwao alikuwa tabibu, basi naye alirithi chupa za mafuta, mizizi, na maneno mengi. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka, vyumba vimezunguka ua wa katikati, na katika ua huo hakuweka kitu chochote. Si kuku, si benchi, si pipa. Watu wa mjini walikuwa wakimcheka: Mhindi amejenga nyumba akasahau katikati.

Tuliingia watatu, baba, Kalista na mimi.

"Una jembe?" nikamwuliza hata salamu sijatoa.

"Sina."

"Una nini?"

"Chumvi kidogo, viberiti kidogo, na mafuta ya sikio la Mzee Zenon. Mlaze hapo."

Baba akalala ubavu kwenye benchi. Vithaldasi akapasha mafuta ya ufuta na kitunguu saumu katika kijiko, akayajaribu kwa kidole, akamdondoshea matone. Mkono wake ukiwa kazini, mdomo nao ukaanza.

"Mzee, sikio ni mlango wa akasha."

"Wa nani?" baba akauliza.

"Akasha! Nafasi! Pale pasipo na kitu!"

"Aa. Pasipo na kitu. Napafahamu. Ndipo anapokaa mwanangu huyu."

Kalista akacheka mpaka akashika ukuta. Sikupendezwa.

Vithaldasi akaendelea. Akasema wazee wao walihesabu vitu vitano ambavyo dunia na mwili vimeumbwa navyo. Vinne kila mtu anavijua: udongo, maji, moto, upepo. Cha tano watu hukisahau kwa sababu hakishikiki. "Lakini moto unataka mahali pa kuwakia," akasema. "Upepo unataka mahali pa kupita. Sauti inataka mahali pa kulia. Jaza ngoma unga, kisha uipige, utasikia nini? Hata tumbo ni hivyo. Nusu chakula, robo maji, na robo uiache. Ukiijaza hiyo robo, chakula kitakaa humo kama mgeni asiyeaga."

Baba akainuka ghafla, mafuta yanamtiririka shingoni. "Wewe umewahi kuona ilungu?"

"Sijaliona, Mzee."

"Basi nani amekuambia?"

Walitazamana kama ndugu waliopotezana. Mimi hapo damu ilikuwa inachemka. Dada yangu ananyang'anywa shamba, na hawa wawili wanasifiana juu ya kitu kisichokuwepo. Nikasema, "Kumbe ndiyo maana rafu zako ni tupu, Bwana Vithaldasi. Umezijaza akasha. Tupimie kilo mbili tukalimie."

Akaweka kijiko chini. Sura yake nyembamba ikawa nyekundu kweli. "Wewe umejaa," akaniambia. "Umejaa mpaka hapa kooni. Hata neno dogo haliingii. Toka nje, ukapungue."

Nilitoka, lakini sikupungua.

Oktoba nzima nilichoma makaa na kubeba mawe ya chuma kutoka mlimani. Baba aliziba nyufa za ilungu kwa udongo mpya, akazika chini kikapu chake cha dawa, ambacho sikuruhusiwa kukitazama. Mwishoni mwa Novemba, mawingu yamekwisha kuanza kujikusanya upande wa ziwa, tukawasha.

"Sikiliza," baba akaniambia. "Ilungu halijazwi. Linalishwa. Vikapu viwili vya makaa, kimoja cha mawe. Usishindilie. Na hapa mdomoni, kina cha kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole, usiweke kitu. Paache wazi."

"Kwa nini tupoteze mahali pazuri hivyo?"

"Kwa sababu nimesema. Jambo jingine: masikio yangu yamekufa nusu. Utanisikilizia wewe. Likiimba kama mzinga wa nyuki, liache. Likinyamaza, niamshe."

Na kweli liliimba. Usiku wa kwanza ukapita likiimba, na asubuhi yake bado likawa linaimba, sauti nene ya chini ambayo ukiweka shavu ukutani inakuingia mpaka kwenye meno. Baba hakuwa amefumba jicho. Jua lilipopanda akasema anakwenda kujinyoosha kivulini kidogo, sikio linamwuma. Akaniachia zamu.

Hapo ndipo Eustace akaja.

Eustace alikuwa mtu wa kuvaa koti hata jua likiwaka. Aliegemeza baiskeli kwenye mti, akalizunguka ilungu mikono nyuma.

"Shemeji Leonsi! Naona mnapika. Ugali utaiva lini?"

"Ondoka hapa, Eustace."

"Sina haraka. Natazama tu. Mzee kiziwi, mjane, na mzururaji. Mkipata hata sindano niiteni, koti langu limefumuka hapa kwapani."

"Tutapata jembe."

"Jembe! Moja!" Akacheka. "Na hilo moja utamwachia dada yako? Wewe? Utalibeba mpaka Chunya ulibadilishe kwa pombe. Marehemu kaka yangu alinisimulia habari zako zote. Alisema ukoo wa Zenon unazaa moshi."

Adolfu hakusema hivyo. Adolfu alinipenda. Lakini maiti aliyelala Bukini hawezi kuja kukanusha, na Eustace alijua. Akapanda baiskeli akaenda zake akipiga kengele njia nzima.

Nilibaki nimesimama. Sasa sikutaka jembe moja. Nilitaka kumi. La kwanza nimpe Kalista, mengine tisa nimtupie Eustace mlangoni, moja baada ya jingine, mpaka mlango uvunjike. Nikapanda ngazi nikiwa na kikapu cha mawe. Nikamwaga. Nikashuka nikapanda na kingine. Makaa sikutia, maana makaa hayafanywi jembe. Vikapu kumi na kimoja vya mawe matupu. Mdomo ulipojaa nikachukua mchi wa Kalista nikashindilia, na kila nikiinua mchi namwona Eustace. Nikaongeza tena mpaka juu kabisa, pale pa kiwiko na vidole. Nilipomaliza nilikuwa natweta, nimefurahi, nikalitazama ilungu lilivyoshiba.

Halafu likanyamaza.

Sikuamini. Nikaweka sikio. Ukuta ulikuwa moto lakini ndani kimya kabisa. Chini kwenye mabomba, majivu yaliyokuwa yakivutwa ndani yalikuwa yametulia.

Baba akaja akipiga miayo. "Linasemaje?"

Na mimi nikasema, "Linaimba."

Mpaka leo najiuliza ni ulimi gani uliosema vile. Alikuwa ameniachia masikio yake, mzee wa watu, nami nikayatumia kumdanganya. Akaketi, ametulia, anavuta kiko. Baada ya muda akauliza tena. Nikasema linaimba sana. Nilijiambia moto utajitengenezea njia. Kila pumzi niliyovuta ilikuwa ya kulingoja ilungu lilie, nalo halilii.

Kalista ndiye aliyelimaliza jambo. Alileta uji, akaweka kibuyu chini, akasogeza sikio lake ukutani kama alivyokuwa akifanya tangu jana, maana aliipenda ile sauti. Akanitazama.

"Kaka, limenyamaza."

"Unasemaje?" baba akauliza.

Kalista akamwinamia sikioni. "Limenyamaza, Baba. Limekufa."

Baba akasimama. Akatazama juu, akaona mawe yamechungulia mdomoni. Akahesabu vikapu vilivyobaki chini. Nilingoja kofi, ningelipokea. Hakunipiga.

"Panda," akasema. "Utoe ulichotia."

"Baba, juu kuna moto."

"Ulipokuwa ukitia hapakuwa na moto?"

Nikalowesha ngozi ya mbuzi, nikaifunga mikononi, nikachukua kipande cha mtungi cha kuchotea. Nikapanda. Joto la mdomo ule sitaki kulieleza. Nilichota, nikajaza kikapu, nikamshushia Kalista kwa kamba. Ngozi ikakauka ikasinyaa ikaanza kunibana vidole kama mkono wa mtu mwingine. Kwenye kikapu cha tano kipande cha mtungi kikavunjika. Mawe niliyoyashindilia mwenyewe kwa mchi, kwa nguvu zangu zote, yalikuwa yameshikana kama jino na ufizi, nikawa nayang'oa kwa mikono. Nilikuwa nikimtukana Eustace. Nikimtukana Vithaldasi na vitu vyake vitano. Nikimtukana Adolfu kwa kufa. Kikapu cha saba ngozi ikapasuka. Cha nane sikusikia tena maumivu, nikasikia harufu.

Cha tisa kilipotoka, kitu kilinigusa nyayo. Mtetemo, mdogo sana, kupitia kwenye ngazi. Kisha pumzi ya moto ikapanda ikanichoma nyusi, na chini yangu sauti ile nene ikaanza upya, mara inakatika, mara inarudi, mpaka ikakaa.

"Linaimba!" baba akapiga kelele. Alikuwa amelikumbatia ilungu, shavu na viganja vyote ukutani. "Linaimba! Shuka huko, mwizi wa upepo!" Na hapo sasa ndipo aliponirushia bonge la udongo, likanipata mgongoni. Lile nililikubali.

Tulipovunja udongo uliozibia mlango wa ilungu siku ya nne, tulikuta mavi ya chuma mengi, na katikati yake donge moja la chuma, kubwa kama kichwa cha mtoto. Baba aliligeuza kwa mguu. "Usingelijaza," akasema, "yangekuwa matatu."

Donge la ilungu si jembe bado. Linataka kusafishwa katika tanuri dogo la mivukuto, kisha kufuliwa. Mivukuto ilikwisha kuoza, ikabidi kuchuna mbuzi na kushona mipya. Mimi sikuweza kushika nyundo, wala sindano, wala kijiko. Baba alifua peke yake, polepole, anapumzika kila mapigo matano. Mvua zilikuja, majani ya shamba yakazidi kurefuka, na Pasaka nayo inakuja kwa mwendo wake. Jembe lilipotoka, mwezi wa pili ulikuwa umefika katikati.

Wakati huo Kalista alikuwa akinipeleka kwa Vithaldasi kila wiki. Mhindi yule alinikalisha katika ule ua wake mtupu, chini, kwenye mwanga, akanipaka samli aliyoichanganya na mizizi, akanifunga vitambaa safi. Nilingoja anisute kwa akasha yake. Hakusema kitu. Wiki ya kwanza, ya pili, kimya. Ikaniudhi kuliko kusutwa.

"Sema basi," nikamwambia.

"Niseme nini?"

"Unalijua."

"Kidole hiki kikunje. Kinakunjika? Vizuri." Akafunga fundo.

Kalista ndiye aliyeuliza, naye aliuliza kwa adabu. "Bwana Vithaldasi, samahani. Hapa katikati ni chumba cha nani?"

"Ni pa nyumba, mama."

"Lakini hapana kitu."

"Mwanga uko hapa. Upepo wa vyumba vyote unapitia hapa. Mke wangu akiita kule jikoni nasikia dukani, kwa sababu ya hapa." Akazungusha mkono kuonyesha. "Kuta zimepashika pande zote. Zisingekuwepo, hapa pangekuwa njia ya mbuzi. Sasa ni pangu, ingawa sijaweka kitu."

Kalista akatazama kuta zile, moja moja, mpaka mlangoni. Mimi nikasonya.

Siku jembe lilipopata mpini, tulikwenda shambani. Nilisimama pembeni mikono imefungwa kama vichanga viwili. Zilibaki wiki saba, mtu mmoja, jembe moja, na shamba ambalo Adolfu alikuwa akililima na wenzake kumi na mbili na mitungi ya pombe. Nikamwambia aanzie juu, ashuke safu kwa safu, angalau nusu ionekane. Kalista akaenda zake kule chini kijitoni, kwenye kona, akapiga ntumba ya kwanza. Ya pili akaiweka kando yake, mpakani. Ya tatu mpakani. Akawa anafuata ukingo.

"Unafanya nini?" nikapiga kelele. "Mpaka hauliwi! Ingia ndani!"

Akaendelea.

"Kalista! Nimeunguza mikono kwa ajili ya jembe hilo!"

Akanyoosha mgongo. "Kaka, una mikono?"

"Sina."

"Basi tumia miguu. Ondoka."

Kila siku nilikwenda, na kila siku tuligombana. Aliamka alfajiri, alilima mvua ikimpiga, viganja vyake navyo vikachubuka vikawa ndugu wa vyangu, na yote hayo pembeni, pembeni tu, safu mbili za ntumba zikizunguka majani marefu kama mkanda. Nilimwona mjinga. Nilimwambia hivyo. Alizimaliza pande zote nne Jumatano kabla ya Pasaka, na katikati hapakuwa na ntumba hata moja. Nilifunga furushi langu usiku uleule. Nilisema nitangoja nione shamba linavyochukuliwa, kisha niende, nisirudi.

Jumatatu ya Pasaka Jumbe Oswaldi akaja na fimbo yake, watu nyuma yake, na Eustace mbele ya watu wote, koti limeshonwa kwapani. Baba aliketi juu ya jiwe, mkono nyuma ya sikio.

Eustace alipoona ule mkanda akacheka kwa sauti. "Hii ni nini? Ni ushanga? Jumbe, njoo uone. Dada huyu amelivisha shamba ushanga!" Akakunja suruali, akaruka ntumba ya kwanza, akaruka ya pili, akaingia katika majani mpaka ikabaki kofia tu inaonekana. "Hapa!" kofia ikapiga kelele. "Hapa hapajaguswa! Na hapa! Ni pori tupu!"

Watu wakacheka. Jumbe hakucheka. Alianza kutembea. Alilizunguka shamba zima nje ya ntumba, polepole, anazigusa kwa fimbo moja moja. Kule chini kwenye kona ya kijito Jumbe akasimama. Palikuwa na pengo, hatua moja tu, bila ntumba.

"Na hapa?" akauliza.

"Umeona!" Eustace kutoka majanini. "Hata mpaka wenyewe umemshinda!"

"Ni mlango, Jumbe," Kalista akasema. "Nyumba nimeizungushia kuta. Nikaacha mlango, niwe naingia kulima humo ndani. Jembe ni moja. Nilianza na kuta ili chumba kiwe changu, kisha nitapanga vitu taratibu."

Mvua ilikuwa inataka kunyesha. Jumbe akageukia ile kofia.

"Eustace."

"Naam, Jumbe."

"Umepitia wapi kufika hapo ulipo?"

"Nimeruka."

"Umeruka nini?"

"Ntumba."

"Ntumba za nani?"

Kofia ikageuka huku na huku.

"Nakuuliza, za nani?"

"Za... za Kalista."

"Na mlango upo hapa, mbele ya macho ya watu wote. Mbona hukupita mlangoni?"

"Sikujua kama kuna mlango."

"Hukujua," Jumbe akasema. "Toka katika shamba la watu. Na usiruke. Zunguka mpaka huku utokee hapa kama mgeni."

Eustace akatoka kwa mlango, majani yamemlowesha mpaka kifuani, koti limefumuka tena. Alinipita karibu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kwa mwili wote, ile haki ya kumpiga nilikuwa nayo tangu Novemba, nikainua ngumi, na ngumi yenyewe ilikuwa bonge la vitambaa vyeupe vya Vithaldasi, linanuka samli. Akaitazama. Akaenda. Mpaka leo sijampiga, na amekwisha kufa, na inaniuma.

Nilikwenda kwa baba pale jiweni.

"Jumbe amesemaje?" akauliza.

Nikainama kwenye sikio lake, nikapiga kelele kwa hasira yote iliyonibakia. "Ni lake!"

"Lipi?"

"Shamba! Shamba lote!"

"Hata pale katikati?"

"Hata pale katikati!"

Baba akajifuta mate yangu shavuni. "Basi punguza sauti," akasema. "Sikio hili lilipona tangu Januari. Nilikuwa nangoja siku utakayoniambia ukweli wa lile ilungu bila kuulizwa, lakini naona una safari."